Mashahidi wa Jicho la Hamis

Jumapili, 7 Machi 1954

Leo asubuhi mpagazi mmoja wa sokoni katema kitumbua changu palepale barazani pangu. Ndani mlikuwa na changarawe kubwa kama punje ya mtama. Kaishika kwa vidole kawaonyesha wenzake, na mmoja akasema sasa kitumbua cha Biti Mwinshehe kimeingia mchanga kweli. Wakacheka. Nikamrudishia senti zake nikamwambia meno yake yalikuwa mabovu tangu zamani. Lakini changarawe niliiona, na mchele nilichagua mwenyewe jana, ungo mapajani, jua kali.

Nauza vitumbua mtaa huu tangu mwanangu Rajabu anatambaa, na jambo hili halijapata kutokea.

Basi niandike ukweli. Jicho la kushoto limefunga ukungu mwaka wa pili sasa. Nilikuwa nategemea la kulia, nalo limeanza kunidanganya. Mpangaji wangu Theopista, binti wa Kichaga anayefanya unesi hospitali, kanitazama kwa taa kasema ni mtoto wa jicho, yote mawili, na dawa yake ni kupasuliwa tu. Anasema niende kabla ya mfungo wa Ramadhani, kwa sababu baada ya hapo daktari wa macho anakwenda likizo kwao Ulaya, na haijulikani atarudi lini. Nikamwuliza, nisipokwenda? Akasema, "Bibi, na hilo la kulia litafunga. Mwaka huu au ujao." Hakunipaka mafuta. Anapika vitu vyenye harufu, lakini mkweli.

Naandika kwa penseli ya seremala, herufi kubwa, kama tulivyofundishwa darasa la kina mama. Jambo nikiliacha kichwani linapanda juu ya jingine. Nikiliandika linakaa pake.

Jumanne, 9 Machi

Mvua ya kwanza ya masika. Kuni zimelowa.

Ijumaa, 12 Machi

Nimemwambia Rajabu. Yeye ni fundi cherehani, anashonea kwenye baraza ya duka la Chandu, Mhindi wa vitambaa, mlango wa tatu kutoka kwangu. Aliponisikia mguu ukasimama juu ya cherehani. Akasema hapana. Akasema baba yake aliingia hospitali kwa miguu yake akatoka kwa jeneza.

Nikamwambia baba yako, Mungu amrehemu, aliwamaliza kwanza waganga wote kutoka hapa mpaka Kisarawe. Hospitali ilimpokea siku ya mwisho. Mtu ukimpelekea fundi nguo iliyokwisha kuungua usimlaumu fundi.

Akahamia kwingine. Akasema basi vipi yule mtu aliyepasuliwa jicho pale pale hospitali, akatoka kipofu wa jicho hilo? Kila mtu Kariakoo anamjua. 

Jumapili, 14 Machi

Ulimi wa Rajabu ni mrefu kuliko uzi wake. Mtaa mzima unajua. Muuza samaki kaja kunieleza habari za mtu aliyepofuliwa. Muuza maji naye anamjua mtu aliyepofuliwa. Mkaza mwanangu anamjua. Shangazi yake Rajabu katoka Magomeni kwa mguu, matope mpaka magotini, kuja kuniambia kuna mtu amepofuliwa. Mpaka alasiri mashahidi walikuwa saba. Nikawaza, kama watu saba wameharibiwa macho katika hospitali moja, yule daktari anapasua au anachokora?

Chakula cha jioni nikampa Theopista.

Jumatatu, 15 Machi

Niliogopa tu leo. Hakuna kingine.

Jumatano, 17 Machi

Rajabu kaniletea mpiga ramli. Mzee wa heshima, kanzu safi, na ubao wake wa mchanga. Nikamkaribisha mkekani, nikampa kahawa, maana mgeni ni mgeni. Alipoanza kupiga vidole kwenye mchanga nikamwambia, mzee wangu, kabla ya jicho tuanze na kidogo. Hapa mkononi nimefumba kitu. Ni nini?

Akasema ramli haijaribiwi.

Nikamwambia, "Mchele unajaribiwa. Mchumba anachunguzwa. Hata dhahabu Wahindi wanaisugua jiweni. Nani kaipa ramli yako ruhusa ya kupita bila kuulizwa?"

Rajabu akasema mama, mama, kama anatuliza ng'ombe. Mzee akakusanya mchanga wake kwa upole akasema moyo wangu mgumu. Nikasema sawa, lakini macho ndiyo mabovu, na hayo ndiyo aliyoitiwa. Walipotoka nikafumbua mkono. Kokwa ya tende. Mtu aliyeshindwa kokwa ya tende nimpe jicho?

Jumamosi, 20 Machi

Mchele hauchaguliwi ndani ya gunia. Unaumwaga kwenye ungo, unausogeza mwangani, unautazama punje kwa punje. Leo nimewamwaga mashahidi wangu saba.

Nilianza na muuza samaki. Nikamwuliza, huyo mtu anaitwa nani, anakaa wapi, na umemwona wewe mwenyewe? Jina halijui. Ni mpagazi mwenye kovu kwenye nyusi, hukaa mlango wa msikiti. Muuza maji: mpagazi, kovu kwenye nyusi. Mkaza mwanangu hakumwona, aliambiwa na muuza samaki. Shangazi wa Magomeni aliambiwa na mkaza mwanangu, kisha akanitembelea na matope yote yale kunipa habari iliyotoka hapa hapa nyumbani kwangu. Waliobaki watatu, mmoja alimjua kwa jina: Hamis, aliyekuwa akibeba magunia sokoni. Wawili wakasema ndiyo, huyo huyo.

Saba wamekuwa mmoja. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka Theopista akaja kutazama kama nina homa.

Jioni nikapita kwa Chandu kununua uzi, na mkewe Champaben yuko nyuma ya meza na miwani yake minene kama chini ya chupa. Miaka yote hii najua ile miwani ni maringo. Nikamweleza shida yangu. Akacheka akagusa kope zake: yeye alipasuliwa, yote mawili, zamani. Tumekaa mtaa mmoja nami sijui! Nikamwambia kuhusu mashahidi.

"Mama Rajabu," akasema, "mtu pona, iko kazini kwake, nani takuja hesabu yeye? Mtu haribika, iko kaa mlangoni siku zote. Watu yote naona yeye tu."

Nimelirudia neno lile njia nzima. Wazima hawakai mlangoni. Hata hivyo sikumeza lote, kwa sababu Champaben alilipia daktari wake mwenyewe, na mimi nitakwenda wodi ya watu wengi. Nikamwuliza Theopista, na wodi yenu je? Akasema wengi huona. Wachache jicho huvimba, au huharibika. Nikamwuliza wachache ndiyo wangapi, akasema, "Sitakudanganya, Bibi. Sijawahesabu." Ningemfukuza chumbani kama angesema wote hupona.

Sasa ninataka kumjua Hamis. Mmoja ni mmoja, lakini jicho lake lilikuwa jicho.

Jumatatu, 22 Machi

Nimekwenda msikitini. Hamis hayupo. Wanasema anakaa Jangwani, bondeni kule, na mvua hii hatoki.

Jumanne, 23 Machi

Mvua.

Jumatano, 24 Machi

Mvua tena. Jangwani imejaa. Watu wa Magomeni hawavuki.

Ijumaa, 26 Machi

Mvua. Kwa kuwa siwezi kwenda kokote, nimelijaribu jicho. Nikafunga la kulia kwa leso, nikamwambia Theopista asimame mlangoni au asisimame, kama apendavyo, nami niseme yupo au hayupo. Mara ya kwanza nikasema yupo, nikaanza kumgombeza kwa nini hajaanua nguo. Nilikuwa naugombeza mwimo wa mlango. Theopista alicheka mpaka akakaa chini.

Lakini nimepata kitu. Watu wote wanasema "utapoteza jicho, utapoteza jicho," nami nikawa naogopa pamoja nao, kana kwamba nina jicho. La kushoto halinipi chochote. Likipasuliwa likafa, nitakuwa nilivyo leo. Likipona, nimepata. Basi daktari asiguse la kulia. Apasue la kushoto kwanza, tuone mkono wake.

Mbona jambo jepesi hivi halikuniingia siku ile ya kwanza? Ni hofu. Hofu huvaa nguo za watu wengi.

Jumatano, 31 Machi

Sijauza kitu siku hizi, njia ni mto. Rajabu hazungumzi nami ila salamu. Shikamoo mama, marahaba, basi.

Jumapili, 4 Aprili

Jua limetoka tangu juzi, nimekwenda Jangwani na Theopista, maana leo zamu yake ni usiku. Maji yamepungua lakini tope lilimvua kiatu, akalia kama mtoto, nikamwambia miguu iliumbwa kabla ya viatu.

Hamis anakaa chumba kimoja cha udongo, ukuta umelowa mpaka kiunoni. Alikuwa ameketi kizingitini anasuka kamba. Mtu mkubwa wa mabega, na jicho lake la kushoto jeupe kama yai. Akaniamkia, nikaitikia, nikajitaja. Akasema ananijua, vitumbua vyangu vilikuwa vitamu zamani. Zamani! Nikameza.

Nikamwambia shida yangu moja kwa moja, kwamba nataka kupasuliwa, na kila mtu ananitisha kwa jicho lake. Akasema wanafanya vyema kukutisha, dada. Daktari yule alinimaliza. Kisha akarudi kwenye kamba yake.

Sikuondoka. Nikamwuliza walipompasua walimwambia nini. Akasema alale chali, kichwa kati ya mifuko ya mchanga, asikitikise mpaka waseme wao. Nikamwuliza, ukalala? Akasema nililala. Theopista akasema pole pole, kwa adabu, kwamba mgonjwa akitulia ni mara chache sana kidonda kufumuka. Hamis akamwuliza kwa ukali yeye nani. Theopista akasema, mimi ndiye ninayepanga ile mifuko ya mchanga, baba. Hamis akaishika kamba yake tena.

Nikaona anachosuka sasa hakina mpango, nyuzi zinapishana ovyo. Nikamtuma Theopista akaoshe viatu bombani. Nikakaa juu ya kinu chake kilichopinduliwa. Nikamwambia mimi si mtangazaji, na wala sikuja kumhukumu. Nina jicho moja la kuamulia, na bila ukweli wake nitaamua kama kipofu kabla sijawa kipofu.

Ndipo akasema. Siku ya kwanza alilala. Ya pili alilala. Sala zinampita moja baada ya nyingine, anasikia adhana kutoka mjini, na yeye hajapata kuacha sala tangu utoto wake. Alfajiri ya siku ya tatu akateremka kitandani, akaelekea kibla.

"Niliposujudu," akasema, "nikasikia kitu kimepasuka humu ndani, kama zabibu chini ya kidole. Nikamaliza sala yangu. Nikarudi kulala. Walipofungua, hapana kitu."

Nikamwuliza kwa nini basi anasema daktari.

"Ningesema nini, Biti Mwinshehe? Kwamba nimepofuka nikimsujudia Mungu? Watu wangesema sala yangu imekataliwa. Afadhali alaumiwe daktari. Yeye hanijui."

Miaka yote hii mtu huyu anaketi mlango wa msikiti na fikira hiyo. Nilikuwa nimekuja na dharau kidogo, niseme kweli. Nilimdhania mvivu aliyepata kisingizio. Sivyo. Alikuwa anamsitiri Mungu.

Nikamwambia, "Mwehu wee. Mama yangu miezi yake ya mwisho alisali amelala, kwa kope. Mgonjwa ana ruhusa. Nani kakwambia ushuke?"

Akasema hakuna aliyemwambia ashuke. Na hakuna aliyemwambia asishuke. Manesi walisema usitikise kichwa. Hawakusema hata kwa sala, na yeye aliona aibu kuuliza. Akasema la mama yangu silo hoja, huenda mama yangu alikosea.

Hapo nimempenda. Ni kweli, huenda alikosea. Nitauliza.

Jumatatu, 5 Aprili

Nimemwuliza shehe wa msikiti wetu, mbele ya mkewe, kwao. Hakufikiri hata kidogo. Asiyeweza kusimama akae, asiyeweza kukaa alale, na aliyelala asali kwa ishara, hata ya macho. Nikamwuliza na macho yakiwa yamefungwa kitambaa? Akasema kwa moyo. Na udhu, ikiwa jicho lisiguswe maji? Kuna tayamamu, udhu wa vumbi safi.

Nikamweleza ya mtu aliyeshuka kitandani, bila jina, kwa sababu nilimwahidi. Shehe akavua kofia akaivaa tena. Akasema Ijumaa atalisema hili mimbarini, sala ya mgonjwa, lote tangu mwanzo. Sikumgombeza kwa kulichelewesha. Na mimi nimepita mlango ule miaka, sikuuliza hata siku moja.

Jumanne, 6 Aprili

Nimempelekea Hamis jibu, kwa mdomo wangu mwenyewe. Aliuliza tu kama shehe alifikiri kabla ya kujibu. Nikasema hapana. Jicho lake la pili nalo limeanza ukungu; nimeliona akigeuka. Sikumbembeleza aende hospitali. Hoja nimemwachia, na kichwa anacho.

Alhamisi, 8 Aprili

Nimemwita Rajabu nyumbani. Nikampa kahawa. Nikamwambia nimeamua, Jumatatu naingia, Theopista kaniandikisha. Nikamwekea mambo yote kama ninavyoweka vitumbua sahanini. Mashahidi saba ni mtu mmoja. Mtu huyo aliharibikiwa kwa jambo ambalo mimi nitalikwepa, na sitamwambia ni lipi. Jicho la kushoto limekwisha kufa, sina cha kupoteza. Nikikaa, giza ni la yakini. Nikienda, ni la huenda. Nani anachagua yakini ya giza?

Akasema hapana. Nikaanza upya. Akasema hapana. Akasema anakwenda kumwambia shangazi anizuie. Nikataka kumpiga upawa.

Kisha nikafikiri, hebu, huyu namjibu asichouliza. Nikamwambia, "Rajabu, niambie nikuletee nini ndipo ukubali. Mtu aliyepona? Neno la daktari? Sema, nitalileta."

Akafikiri kweli. Namjua akifikiri, anavuta sikio. Akasema, "Hakuna, mama. Hata ungeleta nini."

"Basi hiyo si hoja."

"Si hoja," akasema. "Nilimsindikiza baba. Niliushika mlango ule kwa mkono wangu nikamwingiza."

Hatujapata kulitaja hili. Nilijua alimpeleka yeye. Sikujua anaubeba ule mlango mpaka leo. Niliona haya kwa lile neno langu la nguo iliyoungua.

Nikamwambia hofu haijibiwi kwa maneno, mwanangu, hofu inashikwa mkono. Sikuombi ukubali. Nakuomba unisindikize hivyo hivyo ukiwa hujakubali.

Akanywa kahawa yote na machicha yake. Akauliza saa ngapi.

Jumapili, 11 Aprili

Nguo nimefunga. Kikaango nimemwachia mkaza mwanangu na maonyo yake.

Nataka niandike hili kabla sijaenda, lisije likaandikwa baadaye na matokeo. Nikitoka na jicho, watasema Biti Mwinshehe ana akili. Nikitoka bila jicho, au nisipotoka, watasema mkaidi, aliambiwa. Wote watakuwa wajinga. Uamuzi haupimwi kwa kilichotokea. Unapimwa kwa ulichojua siku uliyoamua, na kama ulitazama kwa bidii. Mkulima aliyepanda kwa wakati, mvua ikamkatalia, hakukosea kupanda. Na aliyepanda hovyo akavuna, asinifundishe kilimo.

Nilitazama kwa bidii. Naogopa, na bado nakwenda. Rajabu ausome ukurasa huu kama litatokea lolote, na asome kwa sauti, shangazi wa Magomeni asikie.

Alhamisi, 29 Aprili

Nimerudi nyumbani jana. Jicho la kulia linachoka, basi naandika kidogo kidogo, tangu asubuhi.

Kupasuliwa kwenyewe si kitu cha kuandikia. Dawa ya matone, sauti ya chuma, daktari anapumua kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Kazi ni baadaye. Kulala chali kati ya mifuko ya mchanga, macho yote yamefungwa, kulishwa uji kwa kijiko! Mimi! Nilimgombeza nesi mmoja kwa mdomo tu, bila kutikisa kichwa, nikaona inawezekana. Sala zote nilisali kwa moyo. Alfajiri ya siku ya tatu nilimfikiria Hamis, na nilielewa. Mwili unataka kushuka wenyewe. Kama nisingalijua, ningalishuka.

Mama mmoja wa Kirufiji kitanda cha kando aliniuliza nasali vipi. Nikamfundisha. Akamfundisha wa pili yake.

Walipofungua kitambaa niliona mwanga na rangi, vitu vyote vimeyeyuka. Nikadhani ndiyo basi. Nesi akasema subiri. Wana miwani moja ya kujaribia, ya wodi nzima, mkono mmoja umevunjika umefungwa kamba, inapita kitanda mpaka kitanda. Akanivisha.

Dari lina mbao, na mbao zina misumari. Theopista ana mwanya. Miaka mitatu anakula nyumbani kwangu sijui ana mwanya. Mwenyewe akasema, "Bibi, mbona unanitazama hivyo?" nikamwambia afunge mdomo nimalize kuona kwanza.

Kisha Rajabu akaingia na chakula. Alisimama mlangoni, kashika mwimo wa mlango kwa mkono mmoja, haingii. Nikamwona. Ndevu zake nyeupe. Si moja mbili za kuhesabu, nyeupe, na nyusi zimeanza. Mabega yameinama mbele kwa ajili ya cherehani. Mwanangu ni mzee, na hakuna mtu aliyeniambia.

Nikamwuliza tangu lini. Akasema tangu lini nini, mama? Nikasema ndevu. Akazishika kama amesahau anazo. Akasema siku nyingi.

Nikamwambia aje akae. Akavuka mlango, akaketi ukingoni mwa kitanda, sahani mapajani. Hakuniuliza kama naona. Nilimtazama uso wote, taratibu, kipaji, mashavu, kovu la ndui, na yeye akaacha atazamwe, hata nesi alipokuja kuchukua miwani kwa sababu mama wa Kirufiji naye alikuwa amefunguliwa anaingoja.

Nikamwambia nesi asubiri kidogo.